Mukia wa Kamba

Kalunga, bibi yangu mudogo,

Hapa Kalemie tuko salama. Shangazi yako amezaa mutoto mwanamuke. Unauliza, sasa tifoide imekuacha, nguvu ya kucheza basket itarudi lini.

Ugonjwa ule uliniangusha mimi pia, wakati wa Zaire, nikiwa kijana. Siku niliyoweza kufika kando ya ziwa, nilikaa kutazama wenzangu wakikokota wavu na kuimba. Papa Kilolo, mwenye wavu, akaniita kwenye mukia wa kamba ya wavu, nyuma ya wavutaji wote. Hapo njo tunamuweka mutu aliyetoka kuugua.

“Papa, nguvu ya kuvuta haiyarudi.”

“Usivute. Shika tu, uitikie wimbo.”

Nikashika, nikaitikia, nikarudi nyuma pamoja nao. Wavu ulipotoka, samaki wadogo ndakala wakimeta na kurukaruka, nikatazama chini: visigino vyangu vilikuwa vimechimba muchanga kama vya wenzangu. Ajabu, mujukuu wangu! Mpaka leo sijui nilianza kuvuta kwenye wimbo gani.

Basi, nenda kiwanjani. Usicheze. Warudishie tu wenzako mupira unaotoka inje.

Ni mimi babu yako, bwana yako muzee,
Nkambo