Jupiter Haiko Bibi-Arusi

Yaya Georgette,

Jambo sana, dada yangu mukubwa, wewe ulinilea na ukanichapa, yote kwa upendo. Magoti inaendelea aje? Mvua ya Kisangani ingali inaingia mu jikoni? Mimi, Butembo inanipenda. Baridi tu ndiyo inatafuta kuniua. Naandika na koti mbili kwa mwili.

Donc, sikia. Studio yangu ya picha hapa Mususa inasimama muzuri. Bibi-arusi anaingia na vipele, kwa picha anatoka laini kama avoka. Hata batu ya Beni bananifuata. Uliza mutu yote.

Basi Masere, mutawa mwenye ni directrice wa lisée, ile sekondari ya jirani, alikuwa na teleskopi ya zawadi, inalala tu kwa depo. Akauliza kama naweza kupiga nayo sayari picha, batoto baone mu darasa. Yaya, unanijua. Nikasema kazi ya mbingu naifanya tangu Kisangani!

"Muzuri," akasema. "Ulete picha ya kweli ya Jupiter, teleskopi inabaki kwako. Kama hapana, inarudi kwa depo."

Kumbe sayari haina adabu. Bibi-arusi unamuambia "usitikisike," anasikia. Jupiter unaiweka katikati, unapiga chafya, imeisha kwenda! Nilichukua webcam, kale kajicho ka ordinatere ka kuongea na ndugu ya Ulaya, nikatoa kioo yake ya mbele, nikaifunga na utepe ya skochi pale mutu anachungulia. Muke wangu Kavira anaangalia écran ya ordinatere, anapiga kelele: "Kushoto! Kushoto, papa! Umeipoteza!" Majirani bakafikiri tunafuata mbuzi.

Mwisho tukapata video. Programme ya ordinatere inachagua vipande vyenye havikutetemeka, inavipanga kimoja juu ya kingine, mpaka sura inatokea. Yaya, mistari! Na doa moja nyekundu. Nikasema, maskini, hata huyu iko na kipele. Nikafanya kazi yangu: nikatoa kipele, nikalainisha mistari, nikaongeza mwangaza kwa mashavu. Video nikaifuta, ilikuwa inajaza ordinatere.

Masere akaangalia. "Hii ni nini?"

"Jupiter, Masere."

"Hii ni chungwa. Doa yake iko wapi?"

"Nilimutibu."

Akavua miwani. "Ile ni tufani, papa. Inazunguka pale tangu zamani za mababu, na inapita dunia yetu kwa ukubwa. Wewe umeifuta?"

"Bila kuongeza bei, Masere."

Hakucheka. "Rudia. Ama urudishe teleskopi."

Mvua ikatutesa. Mbingu ilipofunguka, Jupiter iko, mais doa hapana! Ilikuwa imetugeuzia mugongo. "Nayo inazunguka," Kavira akasema, "tuingojee." Tukangojea na chai mpaka ikageuza uso. Mara hii sikugusa kitu. Mikono ilikuwa inaniwasha, nikaikalia.

Masere akaangalia ile picha mpaka nikaanza kuaga teleskopi ndani ya moyo. Kisha: "Wasingya," ndiyo asante ya Banande. "Uitunze. Mais kesho uje mu darasa, uelezee batoto."

Nikaenda na kravate mu shingo. Nikafungua mulango, batoto bote bakasimama: "Bonjour, monsieur le professeur!"

Mimi huyu, mwenye hakumaliza troisième, mwaka wa tatu ya sekondari! Yaya, niligeuka nyuma kuangalia ni mwalimu gani anaingia.

Salimia shangazi wetu mwenye anauzisha chikwange, ile mikate ya muhogo, na bapwa bangu bote, batoto yako. Na shemeji, bwana yako mwalimu: umuambie mwenzake wa kazi anamusalimia.

Mudogo yako anayekukumbuka,
Faustin