Dakika Tano za Goti Lako

Mpendwa baba,

Nakuandikia nikiwa kwenye benchi la hospitali, hapa hapa Thika ulikoonwa na daktari mara ya mwisho. Mbele yangu wamebaki watu wanne. Daktari ni mmoja, na kila anayeingia anatoka kabla mahali pake kwenye benchi hapajapoa.

Siku ile ni mimi niliyekuleta kutoka Ruiru. Ulinyoa ndevu ukavaa koti la kanisani, ungedhani tunaenda kuposa. Daktari hakuwa mtu mbaya. Aliuliza, "Mzee, shida ni nini?" huku akiandika, nawe ukamjibu, "Ni hili goti tu, daktari. Likipata baridi linanisumbua." Dakika tano zikaishia kwenye goti. Ukapewa dawa ya kuchua, ukashukuru, tukatoka.

Goti lako lilikuwa zima, baba. Kwa miezi miwili nilikuwa nimekusikia ukilia kwenye banda la ng'ombe, ukidhani kelele za ndoo zinakuficha. Ulikuwa umeacha kula, umeacha hata kubishana na redio. Nilijua. Lakini mtoto hamvui babake nguo mbele ya mgeni, ndivyo mlivyotulea, na wewe nawe usingeweza kulia mbele ya binti yako. Tukastahiana hivyo hivyo mpaka nyumbani. Wiki ya tatu tulikuzika. Nilijilaumu, na bado najilaumu.

Sasa ni mimi. Silali, chakula hakina ladha, na kuna mawazo yananijia nikifua nguo ambayo sitaki kuyaandika hapa. Tangu asubuhi najifunza la kumwambia daktari, na kila nikijaribu kinachokuja mdomoni ni, "Kichwa kinaniuma." Naogopa, baba. Naogopa dakika zangu zitaisha nikizungumzia kichwa, kisha nirudi nyumbani na vidonge vya maumivu.

Nimekuja na Wanjiru, mjukuu wako, yule anayesoma Juja. Mwanzoni nilitaka abaki nje. Sasa hivi nimemwambia tuingie pamoja, na nikianza habari za kichwa anikatize, aseme yote anayoyaona nyumbani. Nilidhani atashangaa, aniulize kuna nini.

Ameangalia chini. "Mum, mimi nilijua kitambo," amesema. "Nilikuwa naogopa kukuaibisha."

Tunaitwa. Pumzika, baba.

Binti yako