Begi Lisilobana Kinena

Jumatatu, 4 Agosti

Mabegi yamefika. Aina tatu, yamepangwa kwenye meza ya jikoni pale kambini. Mzee Filimbi, msimamizi wetu, alipuliza hiyo filimbi yake tukakusanyika wabebaji wote kumi na mmoja. Akasema mambo ya magunia na kamba yamekwisha. Wawindaji wamechoka kuona nyama inateremshwa mlimani ikinuka jasho letu. Kila mtu achague begi la mgongoni, au aje na lake. Jumamosi mtihani: kilo thelathini na tano za mchanga, kutoka kambini hadi kileleni na kurudi, bila kutua mzigo. Asiyeweza akae nyumbani msimu huu.

Wenzangu wamelirukia lile lenye fremu ya chuma. Lina mkanda mpana wa kiuno, unafungwa kwa mbele, na uzito unahama mabegani unakaa kwenye nyonga. Mnara, rafiki yangu, mrefu kuliko sisi sote, alilivaa akazunguka meza, akasema sasa hata nyati mzima atamteremsha na pembe zake. Watu wakacheka. Nami nikacheka.

Zamu yangu. Nikavaa, nikafunga mkanda. Kifungio kikakaa pale pale! Nimeona nyota mchana kweupe. Nikasema linanibana kifua, nikalivua.

Hapa naandika ukweli maana hakuna pengine pa kuuweka. Nina ngiri. Kinena cha kulia, kivimbe cha ukubwa wa limau. Nikilala kinarudi ndani. Nikibeba kinatoka. Na kazi yangu ni kubeba.

Wanaojua ni wawili tu: daktari na mke wangu.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeomba nije nyumbani na yale mabegi mengine mawili, niyajaribu. Mzee Filimbi ameniruhusu, akanisifu mbele za watu. Eti nachukulia kazi kwa uzito. Kwa uzito kweli.

La kwanza ni la turubai laini, halina mkanda wa kiuno kabisa. Nikafurahi. Nikalijaza mchanga nyuma ya nyumba, nikapanda ngazi za jirani mara tatu. Mzigo wote mabegani, unanivuta nyuma, nami najikunja mbele kuupinga. Nikijikunja tumbo linasukuma. Kwenye ngazi ya kumi na mbili ngiri ikatoka.

La pili kubwa mno, mtu anaweza kulala ndani. Mkanda wake mwembamba kama kamba ya kiatu na unakata. Hapana. Hapana. Hapana.

Nimelala chali sakafuni mpaka ikarudi. Mke wangu alipita na ndoo, akaniruka bila neno. Huyo akinyamaza ni hatari kuliko akisema.

Daktari alishasema mwezi uliopita: upasuaji, halafu miezi mitatu bila kunyanyua hata ndoo ya maji. Msimu wenyewe ni miezi minne. Nina miaka arobaini na tisa. Ukitoka kwenye orodha ya Mzee Filimbi ndiyo basi. Mwenzetu mmoja alivunjika kidole cha mguu, kidole tu, akaambiwa apumzike kidogo. Huu mwaka wa tatu anapumzika. Sijasomea kitu. Najua kubeba paja la nyati kwenye mteremko wa mawe bila kuanguka. Nani mwingine ananitaka kwa hilo?

Jumatano, 6 Agosti

Nimeshinda kwenye mitumba. Nimepekua mabegi mpaka vidole vikawa vyeusi. Ya shule, ya kompyuta, ya wanajeshi, la mtoto lenye masikio ya sungura. Muuzaji aliuliza natafuta nini hasa. Nikamwambia begi la kubebea mzigo mzito ambalo mkanda wake haushuki chini. Akaniangalia. Akasema wateja wote hutaka ushuke, ndipo nguvu ilipo. Nikamjibu mimi nguvu zangu ziko juu. Akacheka, akaingia ndani, akatoka na kitu amekifunika kwa shuka.

Begi la uwindaji hasa. Rangi ya majani makavu. Fremu nyepesi, nyuma yake kuna nafasi ya kufungia paja la mnyama kati ya fremu na begi lenyewe. Mkanda mpana kiganja kizima, unakaa juu, usawa wa kitovu, na unafungwa ubavuni! Ubavu wa kushoto! Nililivaa pale pale, akanitilia mawe ya kuegeshea meza yake. Nikatembea hadi kwa fundi saa na kurudi. Haijatoka.

Lina doa kubwa jekundu lililokolea kwa chini. Nikauliza. Muuzaji akasema ni kutu. Begi la kitambaa, kutu! Nimelichukua hivyo hivyo. Nililia kidogo njiani, sijui kwa nini. Nilisingizia vumbi.

Alhamisi, 7 Agosti

Kilo ishirini: haikutoka. Ishirini na nane: imechungulia, nikaisukuma. Thelathini na tano: imetoka lakini imerudi.

Inatosha. Lazima itoshe.

Mke wangu amevunja kimya. Amesema baba watoto, unajiua kwa begi. Amesema yeye hakuolewa na mgongo. Nikamwambia tuone Jumamosi. Akasema Jumamosi utaletwa kwenye machela. Nikaenda kusugua lile doa. Halitoki.

Baadaye nimemsikia uani akiongea na mdogo wake kwa simu. Huyu shemeji yangu ni mpishi kambini. Nikasikia: ana ngiri, anaficha, na wewe nakuapisha usimwambie mtu. Nilitoka nikiwa nimefura. Akakata simu. Akaniuliza nilitaka amweleze nani, ukuta?

Ijumaa, 8 Agosti

Filimbi tena. Safari hii mzee mwenyewe anatetemeka kwa hasira. Mitego ya waya imekutwa bondeni. Akasema ngiri ameuawa, kichwa kimetupwa mtoni, nyama haionekani. Alipotamka ngiri mimi nikashtuka mwili mzima, nikashika tumbo. Kumbe mnyama. Nilitaka kucheka mwenyewe kama mwendawazimu. Mzee Filimbi aliniona.

Amesema kampuni yetu ya uwindaji ikikutwa na jangili ndani yake inafungiwa, na sisi sote tunakwenda na maji. Askari wa wanyamapori wameshaitwa.

Maumivu kidogo leo. Najisikia mzito. Kesho.

Jumamosi, 9 Agosti

NIMEPITA.

Saa mbili asubuhi walinipimia mchanga kwenye mizani. Thelathini na tano na nusu, Mzee Filimbi akasema nusu ni zawadi. Wawili waliokuwa mbele yangu walitua mzigo njiani, mmoja alikaa chini akalia waziwazi, mtu mzima. Nami nikapiga moyo konde. Nilihesabu hatua kwa mafungu ya mia. Begi limenishika kama mtu anayenijua. Kupanda sawa. Pale kileleni Mnara alinipigia makofi.

Shida ilikuwa kuteremka. Jiwe liliteleza, nikapiga mguu chini kwa nguvu kuzuia nisianguke. Nikasikia kitu kimechanika ndani, taratibu, mfano wa shuka la zamani. Sikutua. Namshukuru Mungu sikutua. Nilifika nikiwa nimeng'ata mdomo mpaka damu, na mzee akaandika jina langu, la nne kwenye orodha, mbele ya macho yangu. Alinipa mkono. Akalizunguka begi langu, akaliinamia, akagusa lile doa kwa kidole.

Nimelala chali tangu saa nane mchana. Mke wangu ameniwekea mto chini ya miguu. Nimesukuma taratibu, nimesukuma kwa nguvu, nimesubiri, nimesukuma tena. Bado iko nje. Si limau tena. Imekuwa ngumu na ina joto.

Kesho tu itakuwa imerudi.

Jumapili, 10 Agosti

Haikurudi. Nimetapika alfajiri, nimetapika tena saa moja. Daktari alinionya: ikigoma kurudi, ukaanza kutapika, usingoje hata saa moja. Nimengoja tatu. Nilimwambia mke wangu ni chakula. Hakunijibu, alikwenda kutafuta gari.

Aliporudi hakuja na gari. Amekuja na wageni aliowakuta mlangoni: Mzee Filimbi, askari wa wanyamapori mwenye bunduki, na Mnara nyuma yao, anaangalia viatu vyake. Nilitoka nimejishikilia kwenye ukuta. Askari akasema wana taarifa kwamba nina ngiri na nimemficha humu ndani.

Mnara alininong'oneza yote. Shemeji alishindwa na kiapo chake, akamweleza mwenzake jikoni: shemeji yangu ana ngiri nyumbani, anaficha. Mzee alikuwa nje ya dirisha na kikombe cha chai. Alipomuuliza shemeji, huyo akameza ulimi. Alikumbuka kwamba ameapa.

Askari amelikuta begi. Ametandika gazeti, amelilaza, ananusa lile doa. Anauliza huyu ngiri yuko wapi. Amekatwakatwa? Amekwisha kuliwa? Huyu, yule, yuko, yupo. Hakuna hata mmoja anayeuliza iko wapi. Ningesema neno moja tu, hii, badala ya huyu, wangeelewa. Na Mzee Filimbi, aliyekaa kwenye kiti changu na orodha mfukoni, angechukua kalamu.

Nisiposema, naondoka na pingu. Nikisema, naondoka kwenye orodha. Nimewaambia naingia chumbani kuvaa shati. Nimekaa ukingoni mwa kitanda, naandika.

Namsikia mke wangu sebuleni. Amesema anayo, lakini si ya kuonyesha watu. Askari akasema mama, usinichezee, huyo mnyama atatoka. Mke wangu akajibu ilishatoka tangu jana, shida ni kwamba hairudi. Mzee Filimbi akauliza, polepole, umesema nini? Hairudi?

Sasa mtu anakuja huku. Ni hatua za mzee, nazijua. Amesimama mlangoni, hagongi. Anasema fungua, ndugu yangu. Miaka yote hii hajawahi kuniita hivyo. Nimejilaza, nimekunja magoti, nasukuma kwa mkono wa kushoto, wa kulia unaandika. Nimwambie asubiri dakika moja tu, ikirudi nitamfungulia, nitamwambia ni uongo wa wanawake, Jumatatu niko kazini. Dakika moja tu