Uchafu wa ndege ya baba yake

Shoga, yale maneno ya jirani yangu fundi cherehani, kwamba watoto wanaojifungia na gundi huwa wanainusa, yalinikaa kichwani wiki nzima. Na chumba cha binti yangu kitindamimba kinanuka gundi na rangi!

Leo kaenda chuo, nikaingia kupekua. Nimekuta brashi, spiriti na ndege ya vita ya plastiki anayoiunda, ndogo kama kiganja. Basi, gundi ni ya hiyo tu! Aibu ikanishika mwenyewe.

Nikasema ngoja nimfanyie wema. Ndege ilikuwa na masizi nyuma na michirizi ya mafuta tumboni. Nikaisugua kwa spiriti mpaka ikang'aa.

Karudi, kaishika. "Mama, masizi yako wapi?"

"Nimekuoshea!" Nilisema hivyo, shoga, huku nacheka. Nimekuoshea!

Kumbe ule uchafu kaupaka yeye! Mwezi mzima, kwa brashi nyembamba kama unywele, akitazama picha ya marehemu baba yake amesimama chini ya ndege aliyokuwa akiitengeneza kikosini. Kila doa mahali pake.

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Kasema polepole, "Baba alikuwa akisema ndege safi ni ya maonyesho, ya kazi huchafuka." Kisha kajifungia.

Wewe nawe una binti, shika haya:

Usipekue kwa maneno ya jirani.
Usifute kitu ambacho hujakiulizia.
Usiingie na wema wako bila kubisha hodi.
Na usimwambie "nitakununulia nyingine". Mimi nilimwambia.