Mkanda wa Thelathini na Nane

Jumatatu, 3 Machi

Siku ya tisa tangu mume wangu aondoke. Leo wifi kaja kuchukua mashati na mashine ya kunyolea. Kasimama mlangoni kama mgeni. Eti nisimchukie, yeye katumwa tu. Nikamwambia mjumbe hauawi, ingia unywe chai. Hakuingia.

Imebaki soksi moja nyuma ya kikapu. Sijui niifue au niitupe. Moyo unauma — unauma kweli!

Jumanne, 4 Machi

Kazini. Bosi ananitazama kwa huruma, na huruma yake inanichosha. Mume wangu yuko likizo. Meza yake tupu, kikombe kipo.

Slabu ya ghorofa ya pili, sakafu ya zege, inamwagwa keshokutwa. Modeli yake kwenye kompyuta nilichora mimi, kakagua yeye, kama miaka yote sita. Wenzetu walikuwa wakitutania kwamba hawa wawili hata kitandani wanagombania nondo. Siku hizi hakuna anayetania.

Jumatano, 5 Machi

Mungu wangu.

Fundi nondo kapiga simu saa tatu. Anauliza nguzo ya kona, ile ya karibu na ngazi, mbona nondo zake za juu zimelazwa upande mmoja tu? Nguzo nyingine zote zina za kukatiza. Nikamjibu kwa kiburi kwamba programu imepiga hesabu. Akasema sawa, injinia, mimi nauliza tu.

Nikafungua modeli. Mkanda wa kukatiza, ule ukanda wa slabu unaochorwa kupita juu ya nguzo, haupo! Nimechora mikanda mirefu yote, ya kukatiza nimechora yote — isipokuwa huo mmoja. Na mkanda ndio unaoiambia programu: hapa pana mzigo, kusanya, nipe nondo. Pasipo mkanda haiulizi kitu. Haitoi onyo. Inakuachia wavu mwepesi wa kawaida, na kwenye skrini panaonekana shwari. Slabu ingepasuka juu ya nguzo hiyo, na watu wangekuwa wanaishi chini yake.

Kosa ni langu. Silikatai.

Lakini nikaangalia kumbukumbu za ukaguzi. Tarehe 11 Februari. Mume wangu kaifungua saa kumi na dakika tano, kafunga saa kumi na dakika tisa. Dakika nne! Mtu aliyekuwa akinirudishia modeli kwa sababu mkanda umezidi kwa upana wa kiganja! Aliyekuwa akiweka alama nyekundu kwenye kila mkanda, mmoja mmoja, huku ananung'unika. Naikumbuka jioni ile. Kasema, "Iko safi, mke wangu." Nami nikafurahi, mjinga mimi, nikadhani hatimaye nimeiva.

Kaondoka tarehe 22. Uongo. Kaondoka tarehe 11, saa kumi na dakika tisa. Nimelia chooni mpaka mhudumu kagonga mlango kuuliza kama naumwa.

Nimempigia msimamizi wa saiti asimamishe. Kafoka kwanza, halafu kapoa. Kasema maji yakimwagika hayazoleki, injinia, sembuse zege! Tumesogeza mpaka Ijumaa asubuhi. Lakini mchoro mpya aupate kesho kabla ya saa nane, mafundi wawahi kufunga nondo. Na mchoro unataka sahihi mbili. Mkaguzi ni mume wangu.

Bosi kampigia. Mimi nisingeweza.

Alhamisi, 6 Machi

Kaja. Saa nne na nusu. Shati halijapigwa pasi. Kamsalimia kila mtu, mimi kaniambia habari ya kazi. Habari ya kazi!

Nikamweleza. Kasema kosa ni lake pia, hakuitazama modeli ile, kichwa hakikuwepo. Nikamuuliza kilikuwa wapi. Kaomba nimfungulie modeli.

Mkanda nilishauchora jana, nondo zimetoka, kumi na mbili za juu. Nikamwambia akague huo mmoja, atie sahihi, aende zake. Kasema hapana. Kavuta kiti, kachukua kalamu nyekundu, kaanza mkanda wa kwanza.

Niko meza ya pili, najifanya naandika ripoti. Ananung'unika vilevile. Wa tisa kanirudishia: upana umezidi. Kiganja! Nimerekebisha. Simu yake imeita mara mbili. Hajaipokea, wala hajaizima.

Saa saba na robo. Msimamizi anauliza mchoro uko wapi. Nimemwambia bado kidogo.

Yuko mkanda wa thelathini na moja. Imebaki saba. Natamani ningechora mia.

Thelathini na mbili.