Mshono wa Mgongoni

Baba Loisi,

Nimekwenda Bahi kwa shangazi, narudi jioni. Mlenda uko kwenye sufuria ndogo, ugali songa mwenyewe. Maji ya pipa usiyamalize, mgao wetu ni kesho.

Hilda wa timu yenu ya mbio akikupitia kwenda mazoezini, ~~mwambie hatuna chai~~ mpe chai, ila siyo kwenye kikombe changu. Ukiwa naye unakimbia hadi Ihumwa na kurudi. Mimi nikikuomba unisindikize sokoni, goti linauma.

Siwezi hata kulalamika, maana mnakimbia kuchangisha fedha za utafiti wa saratani, na saratani ndiyo iliyomchukua mama yangu. Lakini asubuhi hii nilipoanua jezi yako nimekuta kitambaa chenye jina la mama mgongoni. Nilifurahi, mpaka Loisi aliponiambia kimeshonwa na Hilda. Jina la mama yangu, Baba Loisi, wakati sindano na uzi vimo humu ndani.

Nimekifumua, nimekishona upya. Mshono umepinda kidogo kwa sababu nilikuwa nalia. Usimpe mtu aunyooshe.

Mama Loisi