Kadi ya Mvua ya Mawe

Kwa Marehemu Kiplangat,
Mwenyekiti,
Silibwet.

MINTARAFU: MAJINA YALIYOANDIKWA SIKU YA MAZISHI YAKO

Mwenyekiti,

Kwa heshima ninakuandikia ili nikiri kosa langu, kisha niombe uamuzi juu ya jambo ambalo wewe pekee ulilijua. Kampuni yetu ya watu wawili imebaki na Katibu tu.

Utakumbuka ubishi wetu. Mchezo wa ubaoni wa wachuma majani chai uliuchonga kwa mkono wako: vikapu vya mti, njia ya kwenda kituoni, lori lisilomngoja mtu. Tulipotafuta namna ya kulipia uchapishaji, mimi nilitaka tuchangishe mtandaoni: tuonyeshe wazo, watu waahidi, na lengo lisipotimia kila mmoja arudishiwe chake. Wewe ulishikilia agizo la mapema: mchezo ukamilike kwanza, kisha mtu alipe na apewe siku ya kuchukua sanduku lake. Ulisema, huku ukipuliza vumbi la mbao, "Katibu, mtu wa hapa akichanga amekusamehe. Akiagiza anakungoja." Nilicheka. Sasa sicheki.

Siku ya kukuzika nilipewa nafasi ya kusema kama rafiki. Nilitangaza kwamba mchezo wako utachapishwa, na kwamba anayetaka nakala aandike jina na kulipa. Nilidhani ninakuheshimu kwa kufuata njia yako, ilhali mchezo haukuwa umekamilika. Daftari la maagizo nililiweka kando ya daftari la rambirambi. Mwenyekiti, meza ilikuwa moja. Hata bahasha ya fedha ilikuwa moja. Watu walipanga foleni wakilia, wakaandika pale palipokuwa na nafasi. Jioni mkeo, Mama Chelangat, alikabidhiwa bahasha ile akalipia mahema na chakula, kama ilivyo haki yake. Sikumzuia. Ningeanzaje?

Juzi, pale mjini Litein, jirani yako mfuga ng'ombe alinisimamisha mbele ya watu. "Karani! Kwani tulikuja kuzika ama tulikuja sokoni? Sanduku langu liko wapi?" Mwingine akadakia, "Wewe si ulitoa ya pole? Unataka marehemu akurudishie pole yako?" Wakacheka sana. Mimi nilisimama na mkoba wangu. Nilitoka ziwani kuja kuandika barua katika ofisi ya kiwanda cha chai, na wewe ndiwe uliyeniita ndugu mbele ya watu wako. Ninajua maneno yanayofuata kicheko cha namna ile: mgeni, rudi kwenu. Bado hawajayasema.

Nilikwenda kwa Mama Chelangat na pendekezo nililoliandika vizuri: itangazwe kanisani kwamba fedha zote zilikuwa rambirambi, na kwamba hakuna anayedai sanduku. Alikuwa akiosha vikombe. Hakugeuka. "Katibu, wewe ndiye uliwaandika. Usiwafute ukitumia jina la mzee."

Kwa hiyo nimeazimia kwamba kila jina lililo katika daftari la maagizo ni la mnunuzi, awe alikusudia au hakukusudia. Uchapishaji nitaulipia kwa malipo yangu ya kustaafu. Mchapishaji wa Kericho anataka kadi zote Jumatatu. Zote ziko tayari, isipokuwa ile ya mvua ya mawe.

Juu yake uliandika kanuni mbili kwa penseli. Ya kwanza: aliyeivuta apoteze kikapu chake chote. Ya pili: apoteze kikapu, kisha kila mchezaji ampe konzi moja ya majani. Hukufuta hata moja. Nimeitazama kadi hiyo mpaka herufi zinacheza. Ninakumbuka mwaka ule mawe yalipopukutisha shamba lako, nikaja mikono mitupu, tukakaa jikoni mpaka chai ikapoa. Hukuniuliza nimeleta nini. Sijui kama hilo ni jibu. Mimi si mtunzi wa michezo, Mwenyekiti. Mimi huandika tu.

Ninakuahidi kwamba masanduku nitayapeleka mwenyewe, nyumba kwa nyumba, nikianza na yule mfuga ng'ombe. Pumzika, ndugu yangu. Mkono wako ninaukosa hata katika kushika kalamu hii.

Muda ni hadi Jumatatu. Naomba uamuzi wako: nifute kanuni ipi?

Wako mtiifu,
Odhiambo,
Katibu.